Njia za kukimbilia kando ya mifereji na mito ya Mwea

Mazungumzo kwa walimu wa michezo, vikundi vya vijana na wakulima wa mpunga, Kaunti ya Kirinyaga



Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa ndiyo linachomoza juu ya majaruba, kingo za mifereji ya Mwea huwa na watu tayari. Yupo mkulima anayekwenda kuangalia kama maji ya zamu yake yamefika. Yupo mwanafunzi anayewahi shule, mwenye boda boda, na mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Katikati yao hupita wakimbiaji. Wengine wanajiandaa kwa usajili wa polisi au jeshi, ambako mbio ni sehemu ya mtihani. Wengine ni wa timu za shule, na wengine ni watu wazima walioambiwa na daktari wapunguze presha na sukari. Mazungumzo haya yanawahusu wote, yaani wanaokimbia na wanaokimbiliwa kando ya mashamba yao.

Ubora wa njia hizi unatokana na maji yenyewe. Maji ya Mwea hutolewa kwenye mito ya Nyamindi na Thiba, inayoshuka kutoka Mlima Kenya, na husambazwa mashambani kwa mteremko wa ardhi pekee, bila pampu. Ili maji yatiririke bila kubomoa kingo, mfereji mkuu ulichimbwa kwa mteremko mdogo sana, ambao jicho haliuoni. Njia ya wahudumu iliyo kandokando yake nayo ikafuata mteremko uo huo. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia kilomita nyingi bila kupanda kilima, jambo ambalo mkazi wa Kerugoya au Kianyaga hawezi kulipata mlangoni pake.

Mwea si Iten. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Mwea iko chini ya nusu au karibu nusu ya hapo. Anayetafuta hewa nyepesi ya mlimani hataipata katikati ya mpunga, na hakuna haja ya kujidanganya. Atakachopata ni njia laini kuliko lami, na nafasi ya kujifunza mwendo usiobadilikabadilika. Walimu wa michezo watumie mageti ya maji kama alama: kasi kutoka geti moja hadi jingine, kisha mwendo wa kupumzika hadi geti linalofuata, kisha kasi tena. Wachezaji watajua wamefanya kazi kiasi gani, hata kama hakuna mwenye saa ya mkononi. Ukingo mara nyingi umeinama upande mmoja, hivyo ni vyema kurudi kwa njia ile ile ya kwendea ili goti moja lisibebe mzigo wa safari nzima. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Mwea hushika kiatu mpaka kikawa kizito kama tofali. Siku hiyo ni afadhali kukimbia kwenye barabara ya maram.

Ikumbukwe pia kazi hii ilivyoanza. Mifereji ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za watu waliokuwa kizuizini. Walichimba kwa jembe na sururu, na si kwa hiari yao. Anayekimbia juu ya ukingo huo anakanyaga udongo uliobebwa na mikono ya watu hao.

Sasa swali linaloleta ugomvi: njia hizi ni za nani?

Hazikutengenezwa kwa ajili ya michezo. Ni njia za kuhudumia mifereji, na skimu iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji, iliyochukua nafasi ya bodi ya zamani kupitia sheria ya mwaka 2019. Katiba imeipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vya burudani, lakini haikuipa mifereji hii. Kwa hiyo mkimbiaji ni mgeni kwenye njia ya kazi, na mgeni ana adabu zake. Anapisha mkokoteni na trekta. Hafungui wala hafungi geti la maji, hata kwa mchezo, kwa sababu saa moja ya maji yaliyopotea ni zamu ya mkulima fulani aliyekuwa akiisubiri tangu usiku. Hakanyagi tuta la jaruba ili kukata kona. Tuta hilo dogo ndilo linaloshikilia maji ya mpunga, na likibomoka usiku, asubuhi shamba la mtu limekauka na la jirani limefurika. Mpunga unapokomaa, vijana hukaa mashambani kutwa wakifukuza kwelea kwelea kwa kelele na manati. Mkimbiaji apige mluzi au kuita kutoka mbali, maana jiwe lililokusudiwa ndege halichagui kichwa. Anapoona shamba linanyunyiziwa dawa, ageuke.

Kandokando ya mito hali ni tofauti kidogo, na hapo ndipo njia zinapotea haraka zaidi. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kulinda mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kutoka ukingoni, kwa kutegemea upana wa mto. Ndani ya ukanda huo kulima kunakatazwa, na vilevile kujenga nyumba ya kudumu, kutupa taka na kupanda miti ya kigeni inayodhuru maji. Wengi hudhani kwamba ukanda huo ni mali ya umma na kila mtu anaweza kupita. Si hivyo. Ardhi inaweza kuwa na mwenye hati, naye hati yake inabaki halali. Kilichozuiliwa ni namna ya kuitumia. Kikundi kinachotaka njia ya kukimbilia kando ya Thiba au Nyamindi kiende kwanza kwa mwenye shamba na mzee wa kijiji, waombe, wakubaliane watapita wapi na saa ngapi. Palipo na maelewano ya namna hiyo, njia hudumu. Palipovamiwa, hufungwa kwa miiba ndani ya wiki moja, na mwenye miiba huwa na haki.

Upande wa pili nao uelezwe. Mkulima anayelima mpaka kwenye maji, au anayepanda mikaratusi ukingoni, hafungi njia ya wakimbiaji tu. Mvua za Machi hadi Mei zikija, ukingo uliolimwa huporomoka, na tope lake huishia kwenye mifereji. Kila mfereji unapozibuliwa, gharama na siku za kazi ni za wakulima hao hao. Mita sita za nyasi na miti ya kienyeji zinazuia tope hilo. Kama zinaacha pia pa kupita mtoto wa shule na mkimbiaji, faida ni mbili.

La mwisho ndilo zito kuliko yote: maji huua.

Baadhi ya mifereji imejengewa kwa saruji, na kuta zake zimeota ukungu wa kijani unaoteleza. Mtu mzima mwenye nguvu akitumbukia anaweza kukosa pa kushika hata kama ukingo uko karibu na mkono wake. Kina hubadilika pia. Mfereji uliokuwa na maji ya magotini asubuhi unaweza kuwa umejaa jioni kwa sababu geti la juu limefunguliwa. Mahali pabaya kuliko pote ni pale maji yanapoingia kwenye kalvati chini ya barabara, kwani huvuta. Kwa hiyo mbio za gizani kando ya mfereji zisiruhusiwe kwa wanafunzi hata kidogo. Kundi liwe na mtu mzima nyuma, na watoto wakimbie upande ulio mbali na maji.

Mtu akitumbukia, asirukiwe. Wengi wanaozama hivyo huwa wawili, aliyeanguka na aliyekwenda kumwokoa. Atupiwe kamba, tawi refu, au jerikeni tupu lililofungwa kifuniko, ambalo litamfanya aelee. Mwokoaji alale kifudifudi ukingoni ili asivutwe. Mwingine akimbie kumwita mhudumu wa mageti, na mwingine apige simu 999 au 112. Timu ya shule inayofanya mazoezi kando ya mfereji haitakosa pesa za kununua kamba ya mita kumi na tano na kuibeba.

Hatari nyingine haina kelele. Mwea ina kichocho cha matumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kwa dakika chache. Kukimbia ukingoni hakuambukizi. Kinachoambukiza ni kushuka baada ya mbio kuosha miguu na viatu au kupoza mwili, jambo ambalo vijana hulipenda sana jua likiwa kali. Maji ya kunawa yatoke nyumbani au kwenye bomba. Mtu anayeona damu kwenye choo au kuumwa tumbo mara kwa mara aende kituo cha afya apimwe. Dawa ipo na inatibu.

Ukingo uliobomoka, daraja la miti lililooza au kalvati lisilo na kizuizi, lisisubiri ajali. Kwa mifereji, taarifa ipelekwe kwa viongozi wa chama cha watumiaji maji wa eneo hilo au kwa ofisi ya skimu. Kwa barabara za kaunti na madaraja yake, kwa msimamizi wa wadi. Atajwe mfereji, geti lililo karibu, na upande wa ukingo, ili fundi asizunguke siku nzima akitafuta.