Siri ya Msemaji na Dhamana ya Mtafiti

Mtafiti anayerekodi wasemaji wa Kinyakyusa huko Masoko, wilayani Rungwe, huwaahidi kuwa majina yao yatabaki siri. Ahadi hiyo ina nguvu gani? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kiliruhusu polisi kumwamuru mwenye data aitoe kwa ajili ya upelelezi. Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alishtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mbinu ya utafiti. Umri, jinsia na kijiji vyatosha kwa uchambuzi wa lahaja. Jina lisiloandikwa haliwezi kudaiwa. Hata hivyo, sauti nayo humtambulisha mtu. Masimulizi yanayoweza kumdhuru msemaji ni heri yasirekodiwe kabisa.