Kutoka Tarakimu hadi Uamuzi: Uandishi wa Mwongozo wa Zana ya Kukagua Mitiririko ya Kazi za Kompyuta

Mtiririko wa kazi, kwa maana ya mada hii, ni mfululizo wa kazi za kompyuta zilizofungamanishwa kwa masharti, ambamo kazi moja haianzi mpaka zile inazozitegemea zimalizike, na ambamo programu maalumu husimamia mfululizo mzima pasipo mtu kuzianzisha moja baada ya nyingine. Mfumo wa Pegasus, ulioanza kutengenezwa mwaka 2001 na kuendelezwa katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, ni mfano mashuhuri wa programu za aina hiyo: wanasayansi wa mradi wa LIGO wameutumia kuchambua data katika utafutaji wa mawimbi ya mvutano, na watafiti wa matetemeko ya ardhi wa California wameutumia kukokotoa ramani za hatari. Kwa kuwa uchambuzi wa namna hiyo unaweza kuwa na maelfu ya kazi na kuendelea kwa siku nyingi, mtafiti anayetaka kujua umefikia wapi hulazimika kuuliza, na amri anayoitumia kuuliza huitwa pegasus-status. Hoja ya mada hii ni kwamba mwongozo wa zana kama hiyo haukamiliki kwa kuorodhesha vipengele vya amri, bali hukamilika pale msomaji anapoweza kuitazama tarakimu iliyo mbele yake na kufikia uamuzi sahihi.

Amri hiyo inapotolewa, skrini huonyesha safu kadhaa za tarakimu. UNREADY ni idadi ya kazi ambazo bado zinasubiri zilizozitangulia. READY ni zile ambazo masharti yake yametimia lakini hazijapelekwa kwenye foleni. IN_Q ni zile zilizomo katika foleni ya HTCondor, yaani mfumo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison unaozigawa kazi kwa kompyuta zenye nafasi. DONE ni zilizokamilika, na FAIL ni zilizoshindikana. Maelezo haya ni ya lazima, lakini mwongozo ukiishia hapo humwacha msomaji njia panda. Foleni inayohesabiwa chini ya IN_Q huchanganya kazi inayoendeshwa, kazi inayosubiri kompyuta, na kazi iliyozuiliwa, ambayo amri ya condor_q huionyesha kwa herufi H. Kazi iliyozuiliwa, pengine kwa sababu faili la data halikupatikana, inaweza kubaki kwenye foleni bila kusogea hadi mtu aingilie kati, na muda wote huo safu ya IN_Q itaendelea kuihesabu sawa na kazi inayokwenda vizuri. Kwa hiyo, chini ya maelezo ya IN_Q, mwongozo hauna budi kumwelekeza msomaji afanye nini tarakimu hiyo isipobadilika: aangalie hali ya kila kazi, na akiiona H asome sababu iliyoandikwa.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni pale FAIL inapoonyesha 1 ilhali hali ya mtiririko mzima bado inasomeka Running, yaani unaendelea. Mtumiaji mgeni huona mgongano na anaweza kuusimamisha mtiririko wote, kumbe hakuna mgongano wowote: DAGMan, sehemu ya HTCondor inayosimamia utegemezi wa kazi, huendelea kuendesha matawi yasiyoitegemea kazi iliyoshindikana, na inapofika mahali ambapo haiwezi kusonga tena, huandika faili la uokozi linaloorodhesha kazi zilizokwisha kukamilika, ili mtiririko ukianzishwa upya kazi hizo zisirudiwe. Mwongozo usiolieleza jambo hili unaweza kumgharimu mtafiti muda mwingi wa kompyuta.

Asilimia ya ukamilifu nayo huhesabu idadi ya kazi, wala haihesabu muda. Mtiririko wa kazi 200 ambao umekamilisha 180 utaonyesha asilimia 90, hata kama zile 20 zilizobaki ndizo ndefu kuliko zote.

Mwongozo unapaswa pia kukiri mipaka ya zana yenyewe. Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix, uliotolewa mwezi Novemba 1971, ulikuwa na kichwa cha BUGS, ambapo kasoro zinazojulikana za amri ziliwekwa wazi na watengenezaji wenyewe wa amri hizo. Desturi hiyo njema inafaa zaidi kwa zana za kukagua, kwa sababu zana hizi husoma kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa na mfumo mwingine, na kwa hiyo hali inayoonekana inaweza kuwa imepitwa na wakati. Uchelewaji huo ni sehemu ya ukweli wa zana, na kuuficha ni kumnyima mtumiaji haki yake.

Washiriki wa semina hii wanaoandaa miongozo wanaombwa, kabla ya kuitoa, kuuharibu mtiririko mmoja mdogo kwa makusudi, kumkabidhi mwongozo mtu asiyeifahamu zana, na kurekebisha kila sehemu ambayo mtu huyo atashindwa kujua hatua inayofuata.