Wazee Wetu wa Kisiwani



Tulipokuwa tukitayarisha jubilei hii, tuliandika majina ya waliotutangulia kuimba. Cucu mmoja aliisoma orodha akatuambia, "Mmesahau wale wa kisiwani."

Tukaanza kuuliza. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wanaume wengi wa pande hizi za mlima walikamatwa. Baadhi yao walizuiliwa kisiwani: Manda, karibu na Lamu, au Mageta, katika Ziwa Victoria. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi wa Nyeri aliyezuiliwa Manda, alichapisha shajara yake mwaka 1983. Sisi guka zetu hawakutuachia shajara. Waliorudi walinyamaza, kwani jirani wa pili alikuwa ngati. Nasi wajukuu tuliogopa kuuliza, maana leo wajukuu wa pande zote mbili tunaimba besi mstari mmoja.

Hatumtafuti wa kulaumiwa. Tunataka majina. Baada ya ibada, meza ya katibu iko mlangoni. Tuletee jina la guka wako, rika lake, kijiji chake na kambi aliyotajwa kuwa. Ukiwa na barua au kipande cha zamani, kilete tukinakili. Kwa hayo tutaweza kutafuta katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi.

Cucu wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Tuwaulize leo.