Pakiti ya Unga Haina Budi Kutupwa?
(Maneno ya hotuba kwa mabibi na mabwana wa Thika na Ruiru juu ya sanaa ya nyumbani)



Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru, pakiti ya unga ikiisha huwashiwa moto. Karatasi iliyofunika sabuni nayo huenda na takataka. Sokoni, mbele ya mafundi wa cherehani, vipande vya vitenge na vya sare za shule hufagiwa kila jioni. Hata hivyo, ndani ya vitu hivyo mna picha ya ukutani, mna kitambaa cha meza, mna shuka ya mtoto. Kinachokosekana si mali, bali jicho la kuchagua na saa moja ya utulivu.

Ushahidi wa neno hili ni maisha ya Bibi Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, na tangu mwaka 1950 hata 1952 alisoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ile ya sanaa. Kisha alirudi Kenya, akaolewa, akafundisha watoto shuleni kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tu, alipokuwa karibu na umri wa miaka 60, ndipo alipoishika sanaa kuwa kazi yake ya kila siku, akifanya kazi katika nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi.

Wakati huo rangi zilikuwa ghali kwake. Je, aliacha? La. Alichukua pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kimoja kando ya kimoja mpaka vikawa wanawake, wanyama na maisha ya shamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum, Harlem, huko Marekani, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika, na katika wote hao mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 92. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi, na ielezwe hapa namna ya kuanza. Kazi zenyewe ni tatu, nazo ni ndugu: kubandika, kupiga chapa na kushona.

Kwanza, kubandika. Kabla ya kushika mkasi, yafaa karatasi zipangwe kwa rangi, kila rangi katika mkebe wake. Kazi hii hupendeza watoto, na humfunza mtu kuona kwamba wekundu wa pakiti moja si wekundu wa pakiti nyingine. Gundi hupikwa nyumbani: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vinne vya maji, kikorogwe juu ya moto mdogo mpaka kiwe kizito na laini. Isipikwe nyingi, maana baada ya siku chache huchacha. Picha hubandikwa juu ya kadibodi ya boksi kuukuu. Hapa wengi hukosea: hupaka gundi upande mmoja tu, na kesho yake kadibodi imejikunja kama jani kavu. Dawa yake ni kubandika karatasi upande wa nyuma pia, kisha kuilaza picha chini ya ubao na mawe mpaka ikauke. Ikiisha kukauka isitundikwe penye jua, kwa kuwa rangi za karatasi hizi hufifia upesi.

Pili, kupiga chapa. Kiazi ulaya hukatwa katikati, kikafutwa maji kwa kitambaa, na sura ikachongwa kwa kisu kidogo. Palipochongwa hubaki peupe; palipoinuka ndipo panapochukua rangi. Mwenye kuchonga herufi hana budi kuzichonga kinyume, la sivyo jina lake litasomeka kwa kioo. Kiazi hudumu siku moja au mbili. Anayetaka chapa ya miaka mingi atafute mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akate sura yake kwa mkasi, aigundishe juu ya kipande cha mbao. Rangi humwagwa kidogo juu ya sponji ndani ya kisahani, na chapa hujaribiwa kwanza juu ya gazeti la zamani. Rangi ya maji yatosha kwa karatasi. Lakini nguo itakayofuliwa yataka rangi ya nguo, nayo ikiisha kukauka ipigwe pasi ya moto ili ishike.

Tatu, kushona. Katika miji hii sindano si kitu kigeni. Thika ni mji wenye viwanda vya nguo. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha ushonaji vijijini, na kabla ya hapo akina mama walikwisha kusuka viondo kwa mikono yao. Hata leso inayovaliwa kila siku husimuliwa kwamba ilianzia kwenye sindano: wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua vitambaa vidogo vya mkono vilivyokuwa havijakatwa, wakaviunga kwa uzi mpaka vikawa vazi moja lenye pambo jipya.

Mwenye kuunga viraka ataanza kwa kuvifua vyote, ili kinachoruka rangi kiruke mapema na kinachonywea kinywee. Vitambaa vizito visichanganywe na vyepesi, maana kizito hukipasua chepesi. Kingo zikunjwe ndani kabla ya kushona.

Na hapo ndugu hawa watatu hukutana. Kitambaa kilichopigwa chapa ya jani chaweza kudariziwa mishipa ya jani hilo kwa uzi wa rangi nyingine. Picha ya karatasi yaweza kutiwa uzi pia, mradi matundu yatobolewe kwanza kwa sindano, nayo yaachane nafasi. Yakikaribiana sana karatasi itachanika kama stempu.

Kuna watakaouliza: faida yake nini? Huenda kitambaa kikauzwa, huenda kisiuzwe. Asianze mtu kwa kuhesabu fedha ambazo hajazipata. Faida ya kwanza ni kwamba mtu aliyeshinda kiwandani akifanya kazi ya mwingine, jioni hukaa mezani kwake na kufanya iliyo yake mwenyewe, na watoto humwona. Mtoto aonaye mama au baba akitengeneza kitu kizuri kwa pakiti ya unga hukua akijua kwamba uzuri haununuliwi dukani tu.

Bibi Karuga alipata mafunzo yake akiwa kijana, na jina lake likajulikana mbali akiwa bibi mzee. Maisha yake yana mafunzo mawili. Kwa wazee, kwamba wakati haujapita. Kwa vijana, kwamba si lazima kungoja miaka thelathini na zaidi mpaka nafasi ipatikane na rangi zinunuliwe. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Pakiti ya unga itakayoisha wiki hii isiende jikoni: ifunguliwe, ifutwe, iwekwe mkebeni pamoja na wenzake.