Okapi, tausi na makako wa Opala: maneno tuliyosema na vijana wa Lubudi



Juzi mkubwa mmoja aliniuliza: «Hapa shida yetu ni kazi, maji na kura, sasa wewe unatuletea hadithi za wanyama wa pori?» Ulizo lake ni zuri. Nitalijibu, lakini munisikilize kwanza.

Sisi wote tunasikiliza Radio Okapi tangu 2002. Nani humu ndani alishaona okapi? Hata mimi bado. Anaishi Ituri, ndani ya msitu mkubwa wa mvua, mbali na miombo yetu. Miguu yake iko na mistari sawa punda milia, lakini ndugu yake ni twiga. Ulimi ni mrefu mpaka anasafisha nao masikio. Wazungu walimpatia jina la kisayansi mwaka 1901, na walianzia kwenye vipande vya ngozi ambavyo watu wa kule walikuwa wamekatia mikanda. Eti «amevumbuliwa»! Wambuti walikuwa wanamwinda tangu mababu zao.

Kuna na tausi wa Kongo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu wa Ituri. Alikaa nao miaka 23. Mwaka 1936 akakuta ndege wawili waliokaushwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wamewekwa pembeni na kuandikiwa kwamba ni tausi wa Uhindi. Miaka yote ile ndege wetu alikuwa na jina la watu wengine.

Wa tatu ni makako anaitwa lesula. Uso wake utafikiri mtu mzima anayekuwazia, na madume makalio ni ya buluu (musicheke). Mwaka 2007 watafiti walimkuta Opala, amefungwa nyumbani kwa mwalimu, mtoto wa nyumba anamchunga. Wenye kijiji walikuwa wanamjua kwa jina. Aliandikwa kwenye sayansi 2012, na mwaka 2016 hifadhi ya Lomami ikatangazwa, kule kule anakoishi.

Jibu langu kwa mkubwa ndilo hilo. Kitu kisichoandikwa, siku tingatinga inafika, hakuna mtu atauliza kilienda wapi.

Ni kweli karatasi peke yake haitoshi. Hifadhi ya okapi iliandikwa 1992, UNESCO ikaipokea 1996, na mwaka uliofuata tayari ikawa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Juni 2012 watu wenye silaha waliingia Epulu, wakaua watu na okapi waliotunzwa pale. Mpaka miaka hii watu wanachimba dhahabu ndani yake, na sheria inakataza. Lakini walau kule tunajua kinachoharibika, tunaweza kupiga kelele kwa jina lake.

Na sisi huku? Hifadhi ya Upemba iko tangu 1939, watu wanaijua. Lakini vilima vya shaba? Pale juu miti haioti vizuri, shaba ni nyingi udongoni. Yanabaki majani na maua yaliyozoea sumu ile, na mengine hayaoti pengine popote duniani isipokuwa Katanga. Waliotafuta madini zamani waliyafuata maua hayo kujua shaba iko wapi. Ua lilionyesha njia, halafu kilima kikakatwa kichwa, na ua likaenda na udongo.

Basi kabla ya kampuni yoyote kutia sahihi kaye de sharje na vijiji vyetu, tuombe kwanza etide ya mazingira isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na orodha ya mimea na wanyama wa kilima kile iwe ndani. Ikikosekana, tulete ya kwetu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunapanda kilima pamoja na wamama wanaochuma dawa kule. Wao watataja majina, sisi tutaandika na kupiga picha. Kila mtu aje na daftari, maji ya kunywa, na simu yenye chaji.