Kumtafuta Mzee Wetu Katika Maandiko
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mkokotoni)



Nimetakiwa niseme habari ya kutafuta nasaba katika karatasi za Serikali. Jambo hili latuhusu hasa sisi makarani, kwani karatasi hizo ziliandikwa na makarani.

Mama yake babu yangu aliishi katika shamba la karafuu upande huu wetu. Wazee nyumbani wakiulizwa asili yake hunyamaza, au huagiza kahawa. Basi nalikwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, kulitafuta jina lake miongoni mwa walioachwa huru. Halimo.

Sababu imo katika sheria yenyewe. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 haikuwaacha huru watu wote kwa siku moja. Mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kortini kuomba. Bwana wake alilipwa fidia. Naye aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makao na kazi, asije akahesabiwa mzururaji. Aliyebaki shambani kwa mapatano hakuandikwa. Na masuria walitengwa kabisa: hawakuweza kudai uhuru ila kwa kuthibitisha ukatili, mpaka sheria ya mwaka 1909. Lakini mtoto wa suria, akikiriwa na baba, alikuwa muungwana (neno tunalolitumia leo kwa adabu tu) na aliitwa kwa jina la baba. Mama akapotea ndani ya jina hilo.

Hapo nikageukia karatasi za mirathi. Katika urithi wa mwenye shamba nalimkuta babu yangu, mtoto mdogo, pamoja na ndugu zake, na fungu lake la mikarafuu. Mama hakutajwa hata kwa herufi moja.

Kabila nalo lisiwadanganye. Wengi waliojiandikisha Waswahili katika hesabu ya watu ya 1924, katika ile ya 1931 walijiandikisha Washirazi au Wahadimu. Watu ni wale wale.

Nakala ile ya mirathi nalimsomea shangazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalitamka jina la bibi yake, lile la kwao bara. Hataki lichapishwe, nami nimemwahidi.

Mwanachama aliye na hati ya zamani kwao, ya uhuru au ya mirathi, na ailete mkutano ujao. Wapo wazee hapa wanaosoma vema Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nao wako tayari kutusaidia.