Kiongozi wa Kujitolea na Uhai wa Kijiji: Mafunzo Kutoka Litowa

Neno kujitolea limejengwa juu ya kitenzi kutoa: anayejitolea hutoa nafsi yake, pamoja na muda na nguvu zake, kwa ajili ya jambo ambalo faida yake si yake peke yake. Kiongozi wa kujitolea anayezungumziwa katika mhadhara huu ni mwanakijiji ambaye wenzake wamemkabidhi shughuli ya wote, iwe kisima, ghala, shule au mfuko wa kukopeshana, naye huisimamia bila mshahara huku akiendelea kuishi kwa jembe lake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kiongozi wa aina hiyo hukomazwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja, yaani kukabidhiwa uamuzi wenye uzito na kudaiwa hesabu na watu anaokutana nao kila siku, na kwamba semina, hata iandaliwe vizuri namna gani, haina pa kushika mahali ambapo mambo hayo mawili hayapo.

Kwa Tanzania, ushahidi mzito zaidi wa hoja hiyo unapatikana Litowa, wilayani Songea, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa chama cha siasa cha TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanzisha makazi ya kulima kwa pamoja. Mwanzo wao ulikuwa mgumu, lakini makazi yalishika mizizi, vijiji vingine vikafuata njia hiyo hiyo, na hatimaye vikaungana katika chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, RDA, ambacho kufikia mwishoni mwa muongo huo kilikuwa na vijiji vipatavyo 17 pamoja na mashine yake ya kusaga nafaka. Inafaa kukumbuka kwamba Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa nchini, lilitangazwa Februari 1967, na kwamba waraka wa Ujamaa Vijijini ulitoka Septemba mwaka huo huo. Watu wa Litowa walikuwa wameanza miaka kadhaa kabla.

Namna viongozi wa vijiji hivyo walivyopatikana ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Kazi ya siku ilipangwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao, na aliyechaguliwa kuisimamia alishika jembe kama wengine, hivyo uzembe wake ulionekana kwenye tuta lake kabla haujasemwa mkutanoni. Kijiji kichanga kilipohitaji msaada, wanachama wenye uzoefu walikwenda kuishi na kulima pamoja na wenyeji wake, wakafundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa hotuba. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi huko na familia yake, alikuwa mshauri, na ushauri wake uliweza kukubaliwa au kukataliwa. Shule ya Litowa nayo iliwalea watoto katika kazi na maamuzi ya maisha ya kijiji, kwa mwelekeo ambao baadaye ulielezwa katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Uamuzi huo ulikuwa kosa kubwa, na uchungu wake haujaisha, kwa sababu kilichopotea hakikuwa mashine tu bali kizazi cha wakulima waliokwisha kuzoea kuamua mambo yao. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vipya, wengi wao kwa kulazimishwa, na vijiji vikaongezeka kwa kasi ambayo hakuna kiongozi wa kujitolea ambaye angeweza kukomaa nayo. Mwenyekiti aliyepokea amri kutoka juu na kuishusha chini alijifunza kutii, na wanakijiji wake wakajifunza kungoja.

Mfumo wa sasa una nafasi ambayo mara nyingi haitumiki. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mamlaka ya juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, ilhali mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa serikali. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa mtendaji anaweza kuhamishwa kesho, lakini mwenyekiti atazikwa pale pale anapoishi, na hiyo ndiyo dhamana yake.

Chukuliwe mweka hazina wa kamati ya maji. Kila jioni huandika katika daftari la mistari fedha zilizolipwa kwa ndoo, na siku ya mkutano husimama chini ya mwembe akasoma mapato, ununuzi wa vipuri na salio, huku bibi aliyelipa shilingi zake akiuliza kwa nini koki imebadilishwa mara mbili kwa mwezi mmoja. Akijibu kwa stakabadhi mkononi, imani ya watu kwake imeongezeka. Asipokuwa na jibu, kijiji kimejua mapema. Kamati ambayo hesabu zake husomwa na mfadhili pekee, kwa lugha ambayo bibi huyo haisomi, humnyima mweka hazina darasa hilo, hata kama amehudhuria semina tatu mjini na kulipwa posho.

Gharama ya kujitolea nayo haifai kufichwa. Siku ya kikao ni siku isiyopaliliwa, na kwa mwanamke ni siku ambayo kuni na maji bado vinamsubiri. Ndiyo maana vikao vinavyoitishwa asubuhi ya msimu wa kupanda huwaacha nje wanawake ambao wengi wao ndio wenye kukijua kisima vizuri zaidi. Kupanga kikao baada ya palizi, kurudisha nauli ya aliyetumwa wilayani, na kumlimia shamba kwa msaragambo kiongozi aliyeuguza au kufiwa, ni mambo ambayo kijiji kinaweza kuyaamua chenyewe, katika mkutano wake mkuu, bila kungoja bajeti ya mtu.